Mvua ya Siku ya Kimya

Made Rajeg aliipokea kadi ya polisi ya Inspekta Warsini, akainyoosha mbali na uso wake hadi mkono ulipokoma, akaikodolea macho, kisha akairudisha.

"Ketut Warsini. Wa Klungkung," alisema. "Watu wa Klungkung mnajua kuchelewa. Gogo la kuitia mkutano nitalipiga leo alasiri, Bu," aliongeza, akimwita mama kwa heshima. "Likishalia, mambo ya Nengah si ya polisi tena."

"Ni ya nani?"

"Ya banjar."

Warsini hakubishana. Banjar ni kijiji chenyewe kikiwa kimekaa kitako kuamua mambo yake, na banjar ya Yeh Lengis ilikuwa imekaa na hasira. Usiku wa Jumanne mlima uliporomoka ukafukia nyumba za juu, na king'ora walichofungiwa na serikali hakikutoa hata mlio mmoja. Watu sita walikufa. Watano walikwisha kuzikwa. Wa sita, Luh Kerti, alikuwa bado amelazwa barazani kwake chini ya shuka nyeupe, kwa kosa la mumewe. Mumewe, Nengah Rauh, ndiye aliyekuwa mpimaji mvua wa kujitolea wa kijiji, na ofisi ya ramani za mvua mjini ilikuwa imesema waziwazi kwamba Nengah alikuwa akibuni tarakimu zake.

Banjar ikimtenga leo, hakuna atakayemsemesha tena Nengah, hakuna atakayembebea maiti ya mkewe, na makaburi ya kijiji yatakuwa yamefungwa. Kuhani alikuwa amepiga hesabu zake akasema siku njema ya kuzika ni leo. Nyingine haipo mpaka mwezi uandame. Warsini alitazama kilele cha mlima. Wingu jeusi lilikuwa limeanza kukaa pale tena.

"Nionyeshe kipimamvua," alisema.

Walipanda kando ya majaruba ya mpunga. Rajeg alikuwa mbele, mtu wa miaka hamsini na ushee, mpana, kiunoni amejifunga ile shuka ya miraba myeusi na myeupe ya walinzi wa kijiji. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wao. Kipimamvua kilikuwa kopo la bati juu ya nguzo, mahali pa wazi pasipo na mti. Kwenye msumari palining'inia gilasi ndefu ya kupimia yenye mistari, minene kwa myembamba.

"Kopo lenyewe dogo hivi?"

"Mvua ikizidi milimita mia mbili linafurika. Nengah kawalilia miaka yote wampe kubwa, wapi!"

"Unayajua mambo yake."

"Tulikuwa marafiki," alisema Rajeg, na lile 'tulikuwa' likamtoka kwa shida.

Warsini aligeuka. Kibanda cha walinzi kilikuwa pale pale chini ya tuta, mlango wake ukilitazama kopo.

"Siku ya Nyepi nani hukaa kibandani?"

"Mimi. Vijana wangu wanazunguka."

"Nengah amewahi kutoka nyumbani siku hiyo?"

Rajeg alicheka bila furaha. "Bu, wewe ni wa dini yetu. Nyepi ni Siku ya Kimya: hakuna moto, hakuna kazi, hakuna safari. Hapa hata mbwa tunawafungia. Hakuna mtu wa Yeh Lengis aliyewahi kutoka."

"Kwa hiyo hajapima."

Yule mlinzi alitazama wingu. "Hajatoka," alijibu, akaanza kuteremka.

*

Nengah Rauh alikuwa kwenye kituo kidogo cha polisi njia panda, ameketi juu ya benchi, matope ya Jumanne bado yamemganda kwenye kucha. Alikuwa ameufukua mwili wa mkewe kwa mikono. Warsini alipoingia, aliuliza jambo moja tu.

"Watamzika?"

"Inategemea wewe, Bli," alijibu, akimwita kaka. "Kula kwanza."

Wali uliofungwa kwa jani la mgomba haukuguswa.

"Nisikilize basi," Warsini alisema. "Wapimaji wote wa kujitolea kisiwani, ikifika Nyepi, wanaacha nafasi tupu. Kesho yake wanapima ya siku mbili kwa mkupuo. Wewe peke yako huna nafasi tupu hata moja. Miaka tisa. Na Nyepi tatu kati ya hizo umeandika mvua. Nani alipima?"

"Nilikuwa nyumbani."

"Basi ulibuni."

"Sijabuni hata tone."

"Haviwezi kuwa kweli vyote viwili."

"Ndiyo hivyo vilivyo."

Warsini alivuta kiti akakaa karibu. Tangu jana alikuwa na wazo moja kichwani: kwamba mtu huyu, kwa mapenzi yake ya kazi, alinyemelea nje alfajiri ya Nyepi, akapima, akarudi kujifungia, na sasa anaona bora aitwe mwongo kuliko kuitwa mvunja Kimya.

"Ulitoka kwa siri, Bli. Sema tu. Kuna dhambi kubwa kuliko mke kulala barazani siku zote hizi?"

Nengah aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuyumba. "Naapa kwa Kerti, sikuvuka kizingiti."

Aliyasema hayo kwa namna ambayo Warsini, aliyezoea waongo wa kila aina, aliamini. Na alipoamini alizidi kuogopa, kwa sababu wazo lake pekee lilikuwa limekufa mikononi mwake.

"Basi kuna mtu mwingine. Nani?"

Nengah alikwangua tope kwenye ukucha wake.

"Unamlinda nani, Bli? Yeye anakulinda wewe?"

"Niliapishwa," alisema Nengah taratibu. "Nikikutajia, nitakuwa niliapa nini?" Kisha akaufunika uso kwa ile mikono yenye matope, akalia kwa sauti.

*

Ofisi ya ramani za mvua ilikuwa na kiyoyozi kilichovuja ndani ya ndoo. Gusti Mandra, mtakwimu mkuu, mtu mwembamba mwenye miwani na adabu nyingi, alimletea kahawa mwenyewe. Yeye ndiye aliyeitupa nje ya hesabu kazi ya Nengah.

"Kompyuta haijui Nyepi, Bu Inspekta," alisema. "Mimi najua. Ndiyo maana nilimnasa."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

Alitabasamu kidogo. "Mama angenipiga kibao. Sawa. Kila kituo cha mvua kina tabia yake: mvua yake inaanza lini, inakolea lini, inakatika lini, mwaka kwa mwaka. Mimi navichukua viwili viwili nauliza, mnafanana kiasi gani? Vinavyofanana sana navifunga pamoja. Halafu kifungu na kifungu, hivyo hivyo, mpaka kisiwa kizima kinabaki makundi machache. Kila kundi rangi yake."

Aligeuza kioo cha kompyuta. Kisiwa kilikuwa pale kwa rangi saba. Yeh Lengis ilikuwa ndani ya rangi ya njano.

"Njano ni nini?"

"Ukame. Ng'ambo ya mgongo wa mlima."

"Mbona kijiji kiko upande huu wa mgongo?"

"Kwa sababu kituo cha kijiji chenyewe nilikitoa. Kituo kimoja cha uongo kinalivuruga kundi zima, kwa hiyo kijiji nikakiunganisha na kituo cha karibu kilicho safi." Alisita. "Na kila kundi lina kipimo kimoja cha umeme. King'ora cha kijiji kinakisikiliza hicho."

"Usiku wa Jumanne king'ora cha Yeh Lengis kilikuwa kinasikiliza ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Ng'ambo kulinyesha?"

Gusti alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Manyunyu," alisema.

Maji yalidondoka ndani ya ndoo. Nje ya dirisha, upande wa mlima, mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria ya zamani.

"Mrudishe Nengah kwenye hesabu."

"Bu, tarakimu za mtu anayebuni..."

"Mrudishe. Nataka kuona tu."

Alibofya. Mti wa makundi, ule mchoro wenye matawi ya vituo vinavyofanana, ulijichora upya kiooni, matawi yakahama, na Yeh Lengis ikatoka kwenye njano ikaenda kutua katikati ya buluu iliyokoza, pamoja na vijiji vya mvua kubwa vya kaskazini magharibi.

"Hao wa buluu, Jumanne ving'ora vyao vililia?"

"Vyote." Sauti ya Gusti ilikuwa imepungua. "Lakini hiyo haithibitishi kitu. Mwongo hodari anaweza kuiga jirani zake."

"Basi tumbane. Kuna kitu gani kule kinachopima chenyewe, hata siku watu wamejifungia?"

Alifikiri. "Banio la maji ya mpunga, chini ya kijiji. Lina kalamu inayochora kina cha mto usiku na mchana. Ni ya watu wa umwagiliaji."

"Wapigie."

Michoro ilifika kwa simu, mmoja baada ya mwingine. Waliweka Nyepi zote mezani. Miaka ambayo Nengah aliandika sifuri, mto ulikuwa umelala. Ile miaka mitatu aliyoandika mvua, mto uliruka usiku wa kuamkia Nyepi, na kadiri tarakimu yake ilivyokuwa kubwa ndivyo ulivyoruka juu. Gusti aliikagua michoro mara mbili.

"Angeweza kuisikia mvua akiwa kitandani," alisema kwa ukaidi wa mtu anayezama. "Kesho yake akapima jumla, akaigawa kwa kukisia."

"Soma ile kubwa."

"Nyepi, mia na thelathini. Siku iliyofuata, mia na kumi na nane nukta sita."

"Jumla inapita mia mbili. Nimeliona kopo lake leo asubuhi, Pak Gusti. Mia mbili likishajaa linafurika. Hizo arobaini na zaidi zingemwagika chini, asingejua zilikuwepo. Kuna mkono uliomwaga kopo siku ya Nyepi."

Gusti Mandra alivua miwani. Warsini alimwonea huruma, ingawa hakutaka.

"Mtu wa Jakarta asingeligundua lile jambo la Nyepi," alisema Gusti. "Angeziacha tarakimu zilivyo, na king'ora kingelia. Mimi nilijiona mjanja kwa sababu najua desturi zetu. Watu sita, Bu."

"Kulikuwa na kitu kingine kilichokufanya uamini anabuni?"

"Sifuri za mwishoni. Nengah husoma hadi nukta. Kumi na moja nukta nne, thelathini na saba nukta mbili. Lakini Nyepi zake ni arobaini, sabini, mia na thelathini. Anayebuni hupenda makumi."

Makumi. Mistari minene kwa myembamba. Warsini alijiona asubuhi ile akiitoa kadi yake, na ule mkono mpana ukiipeleka mbali, mbali, mpaka ukakoma.

Alisimama kwa ghafla hadi kahawa ikamwagika. "King'ora. Kiunganishe na buluu sasa hivi."

"Bila idhini ya wakubwa nitafukuzwa."

"Tazama dirishani."

Gusti alitazama. Kisha akavaa miwani, akaanza kubofya. "Nenda, Bu," alisema.

*

Njia nzima Warsini alikuwa roho juu. Alipita njia panda, akamchukua Nengah kwa mamlaka yake mwenyewe, akamwacha garini chini ya kijiji na askari, akapanda kilima mbio. Rajeg alikuwa kibandani akifunga vizuri shuka yake, tayari kwenda kupiga gogo.

Warsini hakumsalimu. Aliitoa gilasi kwenye msumari, akaijaza maji ya jaruba, akamwaga kidogo, akamwaga kidogo tena, akampa.

"Soma."

"Mchezo gani huu?"

"Soma, Bli."

Rajeg aliinyoosha gilasi mbali na uso, akaikodolea macho. "Arobaini."

"Ni thelathini na saba. Wewe unaiona mistari minene ya makumi tu."

Mkono wa Rajeg ulishuka polepole. Maji yakamwagika miguuni pake.

"Kila Nyepi tangu Nengah apewe kopo," Warsini alisema. "Nyumba zote zimefungwa, na wewe ndiye unayeruhusiwa kuwa nje."

"Kulinda," Rajeg alisema. "Si kufanya kazi."

"Kwa nini, basi?"

"Alikuwa anateseka, Bu! Kila mwaka, siku nzima ndani, anawaza kopo lake linafurika, kama mtu aliyeacha mtoto nje. Nikamwambia, Bli, mimi niko nje hata hivyo. Dakika moja tu. Nikamwapisha asimwambie mtu, hata Kerti." Alifuta uso kwa kiganja. "Shuka hii aliivaa baba yangu. Nikisema, nitavuliwa mbele ya watu wote, na kijiji chote kitabidi kitakaswe kwa ajili yangu."

"Na usiposema?"

Rajeg aliiweka gilasi chini.

"Jana ulipita barazani kwake. Ulimwona Kerti amelala pale. Ulipita tu?"

"Niache," alisema Rajeg kwa sauti iliyokwaruza, akaondoka.

Punde gogo likaanza kulia, taratibu, kisha kwa haraka. Warsini alisikiliza kila pigo akijaribu kulisoma kama mtu anayesoma uso, asipate kitu. Matone ya kwanza ya mvua yalimpiga shingoni.

Banda la mkutano lilijaa. Wanaume waliketi safu kwa safu, sarong zao za kiunoni zimekunjwa, nyuso zimekazwa. Nengah aliwekwa pembeni, mkeka mmoja peke yake. Mkuu wa banjar, Wayan Tusan, aliyeitwa Jero kwa heshima, mzee mdogo wa mwili na mkavu wa maneno, alieleza shauri kwa sentensi chache: tarakimu za uongo, king'ora kimya, watu sita.

"Mwenye neno aseme."

Warsini alisimama. "Jero, upelelezi umekamilika. Mtu huyu..."

"Bu Inspekta," mzee alimkata, bila ukali. "Mahakamani nitakusikiliza. Hapa mgeni hana neno. Kaa, tafadhali."

"Jero, ni suala la..."

"Kaa."

Akakaa. Alikuwa na mto, kopo, gilasi na mti wa makundi kichwani mwake, na vyote havikufaa kitu. Alimtazama Rajeg, aliyeketi penye nguzo ya banda. Rajeg alikuwa anatazama miguu yake.

"Hakuna?" aliuliza Tusan. "Nengah, na wewe huna?"

"Nilikuwa nyumbani," Nengah alisema.

"Basi anayekubali atengwe, anyooshe..."

"Ngoja, Jero."

Rajeg alikuwa amesimama. Vidole vyake vilihangaika na fundo la kiunoni, vikashindwa, vikarudia. Shuka ya miraba ikafunguka. Aliikunja vizuri, akaenda kuiweka mbele ya mzee, akabaki na sarong yake ya kawaida, na mtu mzima yule akaonekana amepungua.

"Nengah alikuwa nyumbani," alisema. "Aliyepima ni mimi."

"Unasema nini wewe!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Siku ya Nyepi. Kila mwaka. Yeye hakutoka, hakubuni. Nilimfunga mdomo kwa kiapo, na siku zote hizi nimemwacha anyamaze. Mke wake..." Sauti ikamkatika. "Mimi ndiye mwenye kosa. Nitengeni mimi."

Mvua ilikuwa sasa inapiga paa hasa. Tusan aliitazama ile shuka muda mrefu.

"Ulifanya kazi Siku ya Kimya."

"Ndiyo, Jero."

"Shuka tumeipokea. Utakaso utaugharimia wewe, na adhabu yako ina siku yake." Mzee akageuka. "Nengah Rauh alikuwa nyumbani, kama alivyosema tangu mwanzo. Nani anambeba Luh Kerti?"

Kabla mtu hajafungua mdomo, king'ora kililia.

Hawakuwahi kukisikia. Wengine walitazama dari, wengine walitazamana kama wapumbavu, na ilimbidi Warsini, mgeni asiye na neno, apige kelele kwa nguvu zake zote: "Mlima! Tokeni! Chini, upande wa bahari, wote!"

Simu yake ilikuwa ikitetemeka. "Kimelia?" Gusti Mandra alikuwa anauliza, karibu analia. "Bu, kimelia?" Aliinua simu juu ili asikie mwenyewe, huku akisukuma watu.

Makaburi ya Yeh Lengis yako chini, upande huo huo wa bahari. Huenda hilo ndilo lililowaamulia watu, maana hakuna aliyetoa amri. Wanaume walioinuka kukimbia walipitia barazani kwa Nengah, wakaingia wengi kuliko waliohitajika, wakamwinua Luh Kerti pamoja na kitanda chake cha mianzi. Nengah alishika mguu wa mbele kulia. Rajeg alifika akihema, akasimama mbele ya mguu wa kushoto asijue kama ataruhusiwa kuushika. Nyuma yao wanawake walikuwa wanapitisha watoto mkono kwa mkono.

"Bli," Rajeg alisema, maji yakimtiririka usoni. "Kopo. Kwa mvua hii litafurika. Naweza kukimbia mara moja..."

Nengah alikuwa hajamsemesha tangu Jumanne.

"Liache lifurike," alisema. "Beba."